Mkanda Uliotazamwa Kinyumenyume

Nilishuka ngazi za maktaba saa nane na nusu mchana, pete yake ikiwa kidoleni na maneno ya kuirudisha yakiwa yamepangwa mdomoni. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi tangu asubuhi mbele ya kioo cha bafuni, na huko yalitoka vizuri kweli. Kufika ngazi ya mwisho nikajikuta nimesahau yote, limebaki neno moja tu, samahani.

Mama alinipa hadi jioni ya siku hiyo. Alisema nikirudi nyumbani na pete ile tutazungumza lugha nyingine, halafu, huku akijifunga kitambaa cha kichwa, akaongeza kwamba yeye ana safari yake mchana na tusimsubiri chakula. Safari hiyo alikuwa nayo kila mwaka, tarehe ile ile. Tangu utotoni niliambiwa anakwenda kumwona shoga yake mgonjwa, na kwa kuwa shoga huyo hakupona wala hakufa, sote nyumbani tuliacha kuuliza.

Kosa la mchumba wangu lilikuwa dogo. Mama alimpokea vizuri, akamsifu hata ukimya wake. Lakini siku nilipomtajia kwamba amelelewa na baba yake mdogo, mtunza filamu wa chuo, mama aliweka chini sahani aliyokuwa akiifuta, akaingia chumbani, akafunga mlango. Alipotoka alikuwa amekwisha kukata shauri. "Watu wa ukoo ule hawamng'ang'anii mtu," ndiyo sababu pekee niliyopewa. Kila nilipofungua mdomo kueleza zaidi, alinikatisha. Umwambie mtu kama huyo nini?

Na wala sikwenda chuo kutafuta mchumba. Nilikwenda kusomea filamu, jambo ambalo watu wakilisikia huuliza kama kuna mtihani wa kula bisi. Mhadhiri wetu wa somo la kuthamini filamu hakuwa na mchezo. Alituambia tusimletee tulichosoma mtandaoni kuhusu filamu fulani. Tumletee tulichokiona kwa macho yetu na tumwonyeshe kilitoka wapi. Basi nikahangaika. Kompyuta ya maktaba iliniambia hakuna. Mafungu ya magazeti ya zamani yalinipa mafua. Mwishowe mkutubi mmoja wa ghorofa ya juu, mama mwenye huruma, aliniambia nishuke chini kabisa, niulize daftari la mapokezi, kwa sababu filamu nyingi za chuo hazijawahi kuingizwa kwenye kompyuta.

Daftari lile ndilo lililonipa tasnifu. Ndani yake kulikuwa na orodha ya mazoezi ya wanafunzi wa zamani, filamu za dakika tatu tatu. Kamera inawekwa mahali pamoja, inawashwa, haizimwi wala haikatwi hadi mkanda uishe. Na mtu aliyenifungulia daftari hilo, amevaa glavu nyeupe, akigeuza kurasa kama anamvua mtoto mchanga nguo, nilimpa jina la Polepole kabla wiki haijaisha. Yeye aliniita Mtafiti. Kwa miezi mitatu tulitazama makopo arobaini, na kufika kopo la ishirini mimi nilikuwa namtazama yeye zaidi ya filamu. Kufika la arobaini, pete yake ilikuwa kidoleni mwangu.

Kopo la arobaini na moja ndilo alilonikatalia. Kwenye daftari lilikuwa halina jina la mwanafunzi. Limeandikwa tu zoezi, dakika tatu, na mbele yake kwa mwandiko wa marehemu baba yake mdogo: lihifadhiwe mkia nje, yaani mkanda uachwe ukiwa mwisho, usirudishwe mwanzo. Polepole alikuwa amerithi kazi ile miezi minne kabla, pamoja na koti la kazi na kijitabu cha maelekezo. Alinisomea ukurasa mmoja. Kila mwaka, tarehe fulani, saa tisa mchana, atakuja mama mmoja. Weka kopo namba arobaini na moja. Iendeshe kwa kurudi nyuma. Ukishaiwasha toka nje, ndipo ataingia. Usimsemeshe.

"Ni nani huyo?" nilimwuliza siku hiyo.

"Sijui. Baba mdogo hakuwa mtu wa kusema."

Tarehe yenyewe ndiyo hiyo niliyoshuka na pete kidoleni. Mtu mwenye akili zake angeunganisha tarehe mbili. Mimi nilikuwa na mambo yangu kichwani, tarehe zikapita pembeni.

Chumba cha filamu kiko mwisho wa korido ndefu isiyo na dirisha. Nje ya mlango kuna benchi la mbao, basi. Ndani kuna ubaridi wa mashine, kuna rafu za makopo hadi darini, na kuna harufu ya siki, maana filamu ikizeeka hutoa siki. Siku hiyo harufu ilikuwa kali kuliko kawaida. Polepole alikuwa ameketi kwenye meza ya kutazamia, yenye mashine na kioo chake cha kuonyeshea picha, kopo mbele yake, hajalifungua. Aliponiona alitabasamu, halafu akautazama uso wangu, tabasamu likaondoka.

Nilivua pete nikaiweka mezani. Nikamweleza kwamba mama amekataa, kwamba nimejaribu kila njia, kwamba mimi ndiye mtoto wake pekee na siwezi kuishi naye nyumba moja kama maadui. Yote haya niliyasema nikitazama kopo. Nilipomaliza nikangoja. Nilichokingoja nakijua vizuri: nilitaka aseme hapana.

Aliitazama ile pete, mikono yake yenye glavu imelala juu ya meza.

"Sema basi," nikamwambia.

"Mama yako ameshakataa, Mtafiti. Nitasema nini?"

Nikashikwa na hasira. Kumbe mama hakukosea. Nilitaka kuondoka saa ile ile, lakini nikabaki nimesimama. Nadhani naye aliona, kwa sababu alisema kwa sauti ya chini kwamba inabidi aujaribu mkanda kabla mgeni hajafika usije ukakatika, na kwamba kama bado nauhitaji kwa tasnifu, ndiyo nafasi pekee nitakayoipata. Nikavuta kiti. Mtu akiachwa anaweza walau kumaliza utafiti wake.

Akafungua kopo, akauweka mkanda kwenye mashine, akazima taa, akasukuma kipini cha mashine upande wa kurudi nyuma.

Kwenye kioo kilitokea chumba kitupu. Mlango ulikuwa unacheza wenyewe. Nilikitambua mara moja, kwa sababu ndimo tulimokuwa tumekaa. Rafu zile zile, meza ile ile. Kiti kilikuwa kimelala sakafuni. Kijana mmoja akaingia mbio kinyumenyume, na kiti kikainuka chenyewe kikasimama, naye akaketi juu yake, amefumba ngumi. Kisha mlangoni, mgongo ukitangulia, akaingia msichana.

Akageuka. Alikuwa mimi.

Sisemi alinifanana. Nasema paji langu la uso, shingo yangu, hata ile tabia yangu ya kuinua bega moja nikiwa na jambo. Alikaa kwenye kiti nilichokikalia, chenye ufa ule ule kwenye egemeo. Nilimshika Polepole mkono. Msichana alikuwa ameinamisha uso, na chini ya kidevu chake palikuwa na chozi. Chozi likaanza kupanda. Lilipita kwenye kidevu, likapanda shavuni taratibu, likaingia jichoni, na jicho likawa kavu. Kijana akafumbua ngumi. Ndani mlikuwa na pete. Msichana akaichukua, akaivaa, akamtazama kijana kwa uso wenye furaha ambayo sijawahi kuiona kwa mtu yeyote. Picha ikakatika.

Nyumbani kwetu hakuna picha hata moja ya mama kabla ya kuolewa, na sasa nilijua kwa nini.

"Yule kijana ni baba mdogo," Polepole alisema.

"Yule msichana ni mama yangu."

Ndipo alipokumbuka kazi yake. Mkanda sasa ulikuwa umefika mwanzo, na mgeni anautaka kutoka mwisho, kwa hiyo ilibidi aupeleke mbele. Akageuza kipini. Mara hii tuliyaona mambo yalivyotokea. Msichana mwenye furaha akaingiwa na huzuni, akavua pete, akaiweka kwenye kiganja cha kijana. Kijana akafumba mkono. Chozi likashuka linakotakiwa kushuka. Msichana akangoja, akangoja tena, bega moja limeinuka, halafu akasimama akatoka. Kijana alibaki amekaa. Kisha akainuka kwa nguvu, kiti kikaanguka, akatoka mbio, na mlango ukabaki unacheza hadi mkanda ukaisha.

Nilipotazama meza, pete yangu ilikuwa pale pale nilipoiweka.

Saa tisa juu ya alama tukasikia viatu vya kike mwanzo wa korido. Polepole akasukuma kipini, mashine ikaanza kurudi nyuma, akainuka atoke kama kijitabu kinavyotaka. Nilimshika koti. Nilimwambia asiniache humo peke yangu na ile sura, na nikamvuta nyuma ya rafu. Hakutoka. Naomba hilo likumbukwe, kwa maana ndiyo habari yenyewe. Hakuna mtu aliyetoka.

Lakini mlango ulifunguka. Ulifunguka kwa ndani, ukakaa wazi kwa muda wa mtu mmoja kupita, ukajifunga pole pole. Viatu vya kike vilikuwa bado mbali. Vilikuja, vikafika usawa wa benchi, vikapunguza mwendo, vikaendelea. Mlango ukafunguka tena akaingia mama, na kitambaa chake cha asubuhi kichwani.

Aliketi kwenye kiti chenye ufa bila kukitafuta, kama mtu anayeketi kwake. Kwenye kioo msichana alikuwa amekwisha kuingia. Chozi likapanda. Pete ikarudi kidoleni. Mama alitazama akitabasamu, uso wake ukawa ule wa kwenye kioo, na mimi nikashindwa kuvumilia.

"Mama."

Hakushtuka sana. Aligeuza shingo akaniona nimesimama kati ya makopo, akamwona na Polepole, akavuta pumzi. Mashine ikafika mwanzo ikanyamaza.

"Nilijua iko siku," alisema.

Akatusimulia, akitazama kioo cheusi. Miaka ishirini na sita iliyopita alikuja pale kurekodiwa kwa ajili ya zoezi la mchumba wake, na ndiyo siku ambayo babu yangu alikuwa amemwambia arudishe pete ya mtu anayecheza na picha. Kamera ilikuwa imeshawashwa. Miaka miwili baadaye, akiwa ameshaolewa, alirudi kuuliza kama mkanda ule upo, akamkuta mchumba wake yule wa zamani ndiye mtunzaji. Hawakusalimiana. Alimwomba kitu kimoja tu, autazame ukirudi nyuma, kwa sababu ukirudi nyuma yeye hupewa pete.

"Nilitaka akatae," mama alisema. "Nilimpa ile pete huku namwomba Mungu akatae. Akafumba mkono. Nilikaa pale nikamngoja mpaka nikaona aibu. Mpaka leo hajawahi kusema neno."

"Alikufuata," nikamwambia.

"Nani?"

"Ulipotoka. Aliangusha kiti akakufuata mbio. Iko kwenye mkanda."

Mama alitikisa kichwa. Mkanda huo anaujua kuliko sala zake, alisema, na hamna kitu kama hicho. Hapo nikaelewa, na nilipoelewa nilitamani nisingeelewa. Nilimwuliza huwa anaingia saa ngapi. Akanijibu kwamba huingia mtunzaji akishatoka. Hupishana hapo kwenye benchi, yeye mama akiangalia chini, na akishakaa ndipo anaona msichana anaingia. Kila mwaka ile nusu dakika ya kwanza ilikuwa ikijionyesha kwenye chumba kitupu, wakati wao wawili wanapishana koridoni bila kutazamana. Naye baba mdogo, akibaki peke yake kuuandaa mkanda kwa mwaka unaofuata, alikuwa akiuona unavyokwenda mbele. Alidhani mama anaona kila kitu na bado hamsemeshi.

"Ipeleke mbele," mama akamwambia Polepole.

Polepole akaipeleka. Mama alitazama mikono ikiwa imebana mapaja. Picha ilipofika pale pa kuvua pete alifumba macho, akayafumbua. Msichana akatoka. Kijana akabaki. Kiti kikaanguka.

Mama alisema "Eh," kwa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa sindano. Alitazama ule mlango unaocheza hadi mwisho. Gari la babu lilikuwa linamngoja nje na injini inawaka, alisema. Hata yule kijana angekimbia vipi asingelikuta. Kisha akasimama, akajipangusa uso, akajiweka sawa kitambaa.

"Yuko hapo nje," alisema. "Ngojeni nikamwambie."

Polepole akatoka nyuma ya mashine. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, baba mdogo hatunaye. Tumemzika miezi minne iliyopita."

Nilimtazama mama nikitaraji alie. Hakulia. Alimtazama Polepole kwa uvumilivu, kama anayemsahihisha mtoto.

"Nimempita sasa hivi kwenye benchi. Usoni sikumtazama, sijawahi. Nimeona viatu. Cha kushoto kina kamba nyeupe."

Polepole alikaa chini. Alikuwa amewahi kunisimulia habari ya kamba hiyo, jinsi baba mdogo alivyokata utepe wa kufungia makopo akafungia kiatu, akakataa kununuliwa kamba nyingine kwa miaka. Akavuta droo ya meza. Utepe mweupe ulikuwamo, umekunjwa vizuri. Viatu vyenyewe, alisema, walivigawa siku ya tatu ya msiba, na kamba aliichomoa kwa mkono wake.

Harufu ya siki ilikuwa imekwisha. Sikuhisi ikiondoka, ila haikuwapo tena.

Mama alinyoosha kidole mezani. "Hiyo pete inafanya nini hapo?"

"Ameirudisha," Polepole akasema. "Kama ulivyoagiza."

"Nawe umeipokea?"

Alinitazama. Miezi mitatu nilikuwa nimeyaona macho yale yakitazama filamu, yakinitazama mimi nikijifanya sioni, lakini sikuwahi kuyaona yakiwa na hofu kiasi kile. Akavua glavu moja, halafu ya pili, akaziweka chini.

"Sijaipokea, mama, wala siipokei. Umenikataa, nimesikia. Kesho nitakuja kwako unikatae tena. Kesho kutwa nitakuja. Huyu simwachi."

Kwa mtu wa kuhesabu maneno, hiyo ilikuwa hotuba. Machozi yalinitoka, na nilifurahi kuyasikia yakishuka.

"Sema kwa sauti," mama alimwambia. "Asikie na mwingine."

Polepole alirudia kwa sauti iliyojaza chumba. Alipomaliza, nje kwenye korido benchi lililia, vile linavyolia mtu mzima anapoinuka baada ya kukaa sana. Hakuna aliyekwenda kuangalia. Mama aliokota ile pete, akaifuta vumbi kwa ncha ya kitambaa, akanishika mkono akanivisha yeye mwenyewe. Alimwambia Polepole aje kesho saa kumi, na asije mikono mitupu, kwa sababu hasira zake hazijaisha zote.

Tukatoka, mimi hatua mbili nyuma yake. Mama alipita ile korido ameinua uso, kwa mwendo wa taratibu, akitazama kulia na kushoto. Kwenye benchi alisimama.

"Nilikuwa nachelewa kuingia," alisema. "Ndiyo maana sikuona."

Hakuwa anasema na mimi.